Vyuma vya Upande wa Bafu

Sapporo, 20 Agosti 1957

Mdogo wangu Eizo,

Barua ya Mama imefika, ile uliyomwandikia wewe kwa mwandiko wako wa kuku aliyekanyaga wino. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika. Mama mwenye miaka sabini analala na beseni kando ya mto, na jingine miguuni, halafu unaniambia vigae vya mbao vya Baba "bado vina nguvu kidogo". Kidogo gani hiyo?

Najua Baba alivipasua kwa mikono yake, kimoja kimoja, mwaka niliozaliwa. Lakini mvua haiulizi nani alipasua. Na cheche za bomba la jiko nazo haziulizi. Juzi mtaa wa pili hapa nyumba mbili za vigae zimeungua mchana kweupe, watu wanatazama.

Ezekeni mabati kabla ya theluji. Nimeongea na fundi bati mmoja wa Fukagawa, kaka yake anafanya kazi nasi hapa kiwandani kwenye cherehani. Ni mtu wa kuaminika.

Neno moja tu, na hili usilisahau: bati linateleza. Theluji hailali juu yake kama inavyolala juu ya mbao, inashuka yote kwa mkupuo. Juu ya mlango wa mbele na juu ya mlango wa bafu lazima viwekwe vyuma vya kuizuia. Kwingine kote iache ishuke. Hapo penye vyuma mtu atapanda mara mbili tatu kwa msimu kuipunguza kwa koleo, basi.

Mwambie Hatsue asante kwa figili alizochachua. Mke wako anajua kazi.

Dada yako,
Fusae


Penkenai, 8 Septemba 1957

Dada Fusae,

Umeshinda, kama kawaida yako tangu ulipokuwa ukinikimbiza na fimbo ya kuku. Mama alinuna siku mbili. Siku ya tatu ikanyesha, beseni likajaa saa tano asubuhi, akasema basi fanyeni mnavyotaka, ila vigae vya Baba visitupwe ovyo. Tutavichoma jikoni polepole, vituivishie wali.

Jirani Tokuji kanicheka sana. Kaniuliza, "Mnataka kulala ndani ya kopo la samaki?" Mama yake, Bibi Yae, ndiye aliyefurahi. Anasema mvua juu ya bati italia kama maharagwe yanayokaangwa. Bado anakuja kuoga kwetu kila baada ya siku moja, anadai maji yetu ni laini kuliko yao. Ni kisima kimoja, dada. Anachotaka ni kukaa na Mama wawasengenye watu wote wa bonde hili wakiwa wameiva kwa mvuke.

Nitafurahi paa hili likiisha. Tangu Baba aanguke kutoka paani, majira saba ya theluji sasa, Tokuji ndiye anayepanda kutuondolea theluji, kwa sababu ya mgongo wangu. Anakuja bila kuitwa, anapanda, anamaliza, anakunywa chai, anaondoka kwenda kuanza lake. Nami nipo chini nimeshika ngazi kama bibi harusi.

Mdogo wako,
Eizo


Sapporo, 30 Septemba 1957

Eizo,

Vyuma nimevinunua mwenyewe. Vipande vinane, nimevifunga kwa mikeka ya majani na kuvituma kwa treni ya mizigo hadi Fukagawa. Kachukue na mkokoteni. Muuzaji alinionyesha vyembamba na vinene, nikachukua vinene. Viwili mlango wa mbele, sita upande wa bafu, kule kuna mteremko mkali.

Ukivipata nijulishe. Na vikishafungwa nijulishe tena, nilale.

Fusae


Penkenai, 17 Novemba 1957

Dada,

Kazi imeisha. Bati ni jekundu, Mama alichagua rangi mwenyewe na sasa anajifanya hakuchagua. Kutoka barabara ya juu nyumba yetu inaonekana kama ua lililofunguka kwenye theluji. Mabeseni tumeyarudisha jikoni. Jana Mama amelala usiku mzima bila kuamka, ameamka kwa hasira kwamba hatukumwamsha.

Fundi alikuwa mpole na mwepesi. Vyuma ulivyotuma vipo, usiwe na wasiwasi.

Viazi vyote tumeshavifukia shimoni. Theluji ya kwanza ya maana imeshuka jana kutoka paani yote kwa mara moja, bila mtu kunyanyua hata kijiko. Tulitoka nje kutazama. Hatsue alipiga makofi.

Eizo


Penkenai, 14 Februari 1958

Dada Fusae,

Bibi Yae amefariki.

Ilikuwa juzi, Jumatano, saa kumi alasiri. Theluji ilianguka siku tatu mfululizo, halafu Jumatano jua likatoka na hewa ikawa ya uvuguvugu. Alikuja kuoga kama kawaida. Alikuwa amefika mlango wa bafu, taulo shingoni na bakuli la mboga za kumpa Mama mkononi, theluji yote ya upande ule ikashuka. Nilikuwa ndani nachochea moto wa maji. Nilitoka nikachimba kwa mikono, halafu kwa koleo, halafu kwa mikono tena nikiogopa kumkata. Hatsue alikimbia kumwita Tokuji. Tulimtoa pamoja. Alikuwa ameshakata roho.

Vyuma havikusaidia.

Usije, barabara ya kutoka Fukagawa imezibwa. Mazishi yamefanyika leo.

Eizo


Sapporo, 19 Februari 1958

Eizo mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta kwenye cherehani. Nilishona mkono wa shati ukaungana na kola, nikashona tu, hadi mwenzangu alipokuja kuninyang'anya nguo.

Ni mimi. Mama hakutaka, wewe hukutaka, Tokuji alicheka. Ni mimi niliyesema mabati, mabati. Na vyuma vile nilivichagua kwa mikono hii. Jana nilirudi dukani. Nilimwuliza muuzaji vimewezaje kuachia. Akasema vile vinaweza kumzuia farasi. Labda nilipaswa kununua vipande vinane kwa upande wa bafu peke yake. Labda siku ile nilikuwa na haraka, ndiyo, nilikuwa na haraka, ilikuwa saa ya chakula.

Vilikatika, au misumari iling'oka? Niambie. Nataka kujua ni kipi.

Bibi Yae ndiye aliyenifundisha kuvaa kimono cha harusi. Alinifunga mkanda hadi nikashindwa kupumua, akasema nisihofu, mume hatahitaji nipumue sana. Nitamwandikia Tokuji nimwombe radhi. Siwezi kukaa hivi.

Fusae


Penkenai, 25 Februari 1958

Dada,

Tafadhali usimwandikie Tokuji sasa. Mwache kwanza. Ana majonzi, na ni mtu asiyependa maneno. Subiri angalau siku arobaini na tisa za maombolezo zipite.

Misumari iling'oka. Vyuma vya watu wengi hung'oka mwaka wenye theluji kama huu. Si kosa lako. Ni theluji tu, dada, hakuna mtu anayeweza kuishitaki theluji. Usilifikirie tena.

Eizo


Sapporo, 2 Aprili 1958

Kwa Bwana Orihara Tokuji, mtoto wa marehemu Bibi Yae,

Kaka Tokuji, jana zimetimia siku arobaini na tisa. Nimechoma ubani hapa chumbani kwangu nikiangalia upande wa Penkenai. Nilitaka kukuandikia siku ile ile nilipopata habari, lakini Eizo alinisihi nikuache kwanza, nami nikanyamaza.

Nakuandikia kuomba radhi. Paa lile la mabati lilikuwa wazo langu. Vyuma vya kuzuia theluji nilivinunua mimi Sapporo, nikavituma mimi. Eizo ameniambia misumari iling'oka kwa uzito. Ningevichagua vizuri zaidi, au ningeongeza idadi, mama yako angekuwa hai. Nasema hivi bila kujitetea. Siombi unijibu. Nimeona tu si haki uishi hapo, ulione paa lile kila asubuhi, bila kujua ni nani wa kulaumiwa.

Kila tarehe kumi na mbili nitakuwa nikienda hekaluni kwa ajili yake.

Nukaga Fusae


Penkenai, 15 Aprili 1958

Dada Fusae,

Mimi si mwandishi, utanisamehe. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kuna jambo silielewi.

Upande wa bafu hapakuwa na vyuma. Wala mlango wa mbele. Havikuwahi kuwapo. Mwezi wa kumi na moja nilipita nikaona paa limekwisha, nikamwuliza Eizo mbona hamna vyuma pale anapopita Mama. Akaniambia dada yake wa Sapporo amesema mabati ya siku hizi hayahitaji. Nikasema sawa, wa mjini wanajua. Baada ya msiba aliniambia vile vile tena, na wengine hapa wameambiwa hivyo. Kwa hiyo, sikufichi, nilikuwa na kinyongo nawe. Wengi hapa wanacho. Wanasema ni mwanamke aliyekaa mjini akasahau theluji.

Sasa unaniambia ulivituma. Nami nililiona paa tupu kabla ya wote, nikaridhika na jibu. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe.

Mama alikuwa akikutaja. Alisema wewe ndiye msichana pekee wa bonde hili aliyemjibu mkwe wake.

Orihara Tokuji


Sapporo, 19 Aprili 1958

Eizo,

Naambatanisha barua ya Tokuji. Isome, kisha isome tena.

Miezi miwili nimeuota mkono wangu ukichagua vyuma dukani. Nimepungua hadi sketi zangu nazishonea upya. Ulijua. Nilikuuliza ni kipi, vyuma au misumari, nawe ukachagua misumari kama mtu anayechagua samaki sokoni.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha yako, kifo kikamchukua jirani.

Sitamjibu Tokuji. Utamjibu wewe. Mpaka ufanye hivyo usiniandikie.

Fusae


Penkenai, 2 Mei 1958

Kaka Tokuji,

Karani wa posta aliniuliza kwa nini nabandika stempu kwa nyumba inayoonekana dirishani kwangu, si niipeleke kwa miguu. Nimeshajaribu. Mara tatu nimefika kwenye mti wako wa alda, nikageuka. Kwa karatasi labda nitafika.

Dada yangu alivituma vyuma. Vinane, vinene. Nilivichukua stesheni mwenyewe. Viko nyuma ya ghala, chini ya mikeka yake ile ile, havijafunguliwa. Fundi aliniuliza viko wapi, nikamwambia nitavifunga mwenyewe baadaye. Hatsue aliniuliza, nikamwambia baada ya mavuno. Wewe uliponiuliza, nikamsingizia dada yangu, kwa sababu yuko mbali na hakuwa wa kunisikia. Uliponiuliza mara ya pili mama yako alikuwa amelazwa mbele yetu, na nikalirudia neno lile lile.

Sababu nitaisema, si kwa kujitetea. Mgongo wangu hauumi, Tokuji. Haujawahi kuuma. Siku Baba alipoanguka nilikuwa naye juu. Tulikuwa tunacheka, alikuwa ananitania kwamba nashika koleo kama kalamu. Akarudi nyuma hatua moja na hapakuwa na paa. Tangu siku ile siwezi kupanda. Nikifika kidato cha tano naikumbatia ngazi, nashuka. Niliona aibu kusema, mwanamume wa nchi hii ya theluji anayeogopa paa lake, nikasema mgongo. Nawe ukapanda badala yangu majira saba. Kila ulipokuwa juu nilikuwa chini naomba usianguke, na pia, Mungu anisamehe, nilikuwa nakuchukia kidogo kwa jinsi ulivyopanda kirahisi.

Nikawaza: bila vyuma theluji itashuka yenyewe, hakuna wa kupanda, na wewe hutakuja tena kunifanyia kazi yangu. Ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine.

Desemba na Januari ilishuka vizuri. Nilikuwa naisafisha njia kila mara, nikamwambia Bibi apitie mlango wa mbele, lakini nilimwambia kwa mzaha, naye akajibu kwa mzaha kwamba mlango wa mbele ni wa wageni na watoza kodi. Sikusema tena.

Siku ile, tangu saa sita mchana nilisikia paa likiguna. Nilijua itashuka. Ile sauti, Tokuji, nilikuwa naipenda. Nilikaa penye moto wa bafu nikiisubiri, kama mtu anayesubiri mtumishi wake amalize kazi. Nikasikia hatua za Bibi nje. Nikafikiria kumwita, nikafikiria acha nitie gogo hili kwanza. Niliweka gogo. Basi.

Sijui watu wanaomba radhi ya jambo kama hili kwa maneno gani.

Nukaga Eizo


Penkenai, 21 Mei 1958

Dada Fusae,

Nimemjibu. Sasa nakuandikia, kama ulivyoruhusu.

Siku mbili baada ya barua kufika Tokuji alikuja na farasi, akasimama kwenye uzio bila kuingia. Nilikuwa napanda viazi. Farasi akaanza kula majani yetu. Kisha akasema, "Nimepanda miaka saba. Ungeniambia unaogopa, ningepanda sabini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ngumi. Kwa hilo sikujiandaa. Nilikaa chini pale pale kwenye mtaro wa viazi.

Aliniacha nilie, hakusogea. Halafu akasema jambo moja ndilo analotaka. Jina lako limesemwa vibaya mbele ya watu, basi lisafishwe mbele ya watu hao hao. Mengine, alisema, hana hakika kama ataweza, na nisimwulize.

Kikao cha kijiji cha mifereji ya mashamba kilikuwa Jumapili. Nilisimama kabla hakijafunguliwa, nikasema yote: vyuma, mgongo, uongo niliokusingizia. Sikuzidi dakika tano. Mzee mmoja alikohoa. Mwenyekiti alitazama karatasi yake, akasema tuendelee na mfereji wa kaskazini, na tukaendelea na mfereji wa kaskazini. Tokuji alikuwa safu ya nyuma, hakuinua uso.

Mama alitaka kujua nilichosema, nikamwambia naye. Alinipiga kofi la mgongo. Alinipiga pale pale niliposema panauma, akaenda kulala mchana. Tangu jana anaongea nami kuhusu chakula.

Nilimwita fundi bati arudi. Nilimwambia wazi kwamba mimi naogopa kupanda, ndiyo maana namwita, akasema hata mjomba wake anaogopa, akapanda, akafunga vyote vinane kabla ya saa ya chakula. Ni kazi ya asubuhi moja tu, dada. Asubuhi moja.

Tokuji humwamkia Hatsue barabarani. Mimi hanisemeshi. Amejenga bafu lake, nauona moshi. Sina haki ya kulalamika na silalamiki.

Sasa lako, dada. Yeye nilimwua mama yake bila kukusudia. Wewe nilikufanyia kwa kukusudia, kila barua, nikiwa nimekaa, nimechovya kalamu winoni. Nilipoandika kwamba vyuma "vipo" nilitabasamu kwa sababu sikuwa nimesema uongo.

Eizo


Sapporo, 29 Mei 1958

Eizo,

Barua yako nimekaa nayo siku tatu mfukoni mwa aproni.

Tokuji ameniandikia mistari miwili. Anasema umesema, na kwamba amekusikia. Hakuongeza, nami sikutegemea aongeze.

Ungeniambia mimi pia unaogopa. Nilikuwepo siku tulipomleta Baba ndani. Nilikuona umekaa kwenye ngazi za mlango, umeshika koleo, hukutaka kuliachia, na Mama akanituma nikunyang'anye. Nilikunyang'anya nikaenda kuchemsha maji. Wiki iliyofuata nikarudi Sapporo. Kila nilipouliza habari zako nilikuwa nauliza habari za mgongo. Ilikuwa rahisi kwangu pia, mgongo.

Lakini hilo haliondoi lako. Sijakusamehe. Nikitaja jina lako hapa kiwandani sauti yangu inabadilika, wenzangu wameacha kuuliza.

Nakuja. Jumapili tarehe nane Juni, treni ya asubuhi, nitashuka Fukagawa saa tano. Nataka kwenda kaburini kwa Bibi Yae, kisha nitapita kwa Tokuji nimwamkie, akitaka au asitake. Nitalala kwa Mama usiku mmoja.

Usimtume Hatsue kuja kunipokea. Usimwombe jirani mwenye mkokoteni. Njoo wewe.

Fusae